Samaki Mwenye Magego Kooni

Watoto, pitisheni ulimi mpaka nyuma kabisa ya kinywa. Meno mapana mnayoyagusa huko ni magego, na kazi yake ni kusaga chakula. Sasa mfikirieni samaki mwenye magego kooni!

Yupo, tena ni wa kwetu, Ziwa Victoria. Ni mmoja wa furu, ambao wazazi waliokulia Mwanza au Kisumu wanawajua vizuri; Waganda huwaita nkejje. Jina lake la kisayansi ni Astatoreochromis alluaudi (msihangaike kulikariri). Furu wana mataya ya mdomoni ya kukamatia chakula, na mengine kooni ya kukitafuna. Huyu hupenda konokono. Akimpata, humbana kwa mataya ya kooni mpaka gamba linapasuka.

Lakini katika maziwa madogo ya Uganda, kama Kachira na Nakivali, samaki wa aina hiyohiyo wana mataya membamba na meno madogo. Huko hula zaidi vyakula laini. Je, wamezaliwa hivyo, au ni chakula kilichowafanya hivyo? Mwaka 1965, Humphry Greenwood, mtaalamu wa samaki wa makumbusho ya London, alieleza kuwa hata waliolelewa kwenye tangi la vioo bila konokono walikua na mataya membamba. Taya hunenepa kwa kazi.

Jambo hili si dogo. Vijidudu vya kichocho hukua ndani ya konokono wa ziwani na mabwawani, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu anayeoga au kuchota maji. Basi watu wakasema: tumpeleke furu huyu mabwawani, atatumalizia konokono. Kameruni walijaribu. Ila waliozaliwa humo walipata chakula laini tele, mataya yao yakawa dhaifu, na konokono wakaendelea kustarehe.

Jumamosi ijayo leteni mchoro wa furu wawili, mmoja mla konokono na mwingine mla wadudu, na muonyeshe mataya ya kooni ya kila mmoja. Chini yake andikeni sentensi mbili. Angalieni sarufi: konokono ni kiumbe hai, kwa hiyo tunasema "konokono huyu", si "konokono hii". Wazazi, kosa hilo tunalisikia hata kwenu!