Somo: Kupanga Bustani ya Nyumbani Kabla ya Kushika Jembe



Huenda wengine mkasema Katibu ameiacha mikarafuu anatutia katika mchicha. Lakini sote twajua kuwa mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka wa mavuno makubwa twanunua kila kitu. Mwaka mdogo ukifika, hata fungu la tungule huwa ni hesabu. Bustani ya uani huziba pengo hilo, ikiwa imepangwa vyema tangu siku ya kwanza.

Kwanza, simama uani mara tatu katika siku moja: asubuhi, adhuhuri na alasiri. Tia vijiti mahali ambapo jua lipo nyakati zote tatu. Hapo ndipo pa tungule, bamia na mabilingani, maana hivi vikikosa jua hurefuka tu na kutoa majani. Mchicha huridhika na jua la asubuhi. Chini ya mikarafuu usichimbe matuta: mizizi yake ya kulia chakula iko juu juu, nawe utaikata kwa jembe lako mwenyewe.

Jambo la pili nalisema kwa aibu. Mwaka mmoja niliona mbele ya nyumba pana jua zuri, nikapajaza matuta yote. Karafuu zilipoiva, pa kutandika majamvi hapakuwapo. Mzigo ukalala chunguni siku mbili, ukapata moto, na sehemu kubwa ikawa mpeta. Fedha niliyopoteza ingeninunulia mboga za miezi mingi. Basi pima kwanza uwanja wa kuanikia, uuache mtupu, ndipo upange bustani katika kinachobaki.

Sasa kupima. Tuta liwe na upana wa futi 4, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande bila ya kukanyaga udongo. Baina ya tuta na tuta acha njia ya dhiraa moja. Wengi hulalamika kuwa matuta yao hwenda upande. Dawa yake ni kamba: kutoka kwenye pembe pima dhiraa 3 upande huu na dhiraa 4 upande wa pili, utie alama. Baina ya alama hizo mbili pakiwa dhiraa 5 kamili, pembe yako imenyooka. Zikipungua au zikizidi, sogeza kamba moja. Hesabu hii twafundishwa skuli tukidhani ni ya mtihani tu.

Mboga za kila siku ziwe karibu na mlango wa jiko. Kilicho mbali husahauliwa kumwagiwa maji. Maji ya kuoshea vyombo yaelekeze kwenye migomba, si kwenye mchicha. Bustani iwe mbali na choo. Kuku nao hawajui mpaka, kwa hiyo ua wa makuti utangulie mbegu.

Tungule, bilingani na pilipili ni ukoo mmoja na maradhi yao ni mamoja. Zikitoka katika tuta, msimu ufuatao tia kunde.

Matuta yawe tayari kabla ya masika, yaani ifikapo mwanzo wa Machi. Na pembe moja yenye kivuli chepesi iachieni kitalu cha miche ya mikarafuu, iwe tayari kabla ya kuokota mbegu, kwani mbegu yake haikai: hupandwa ingali mbichi.