Mada ya 7: Kurekebisha Matatizo ya Sauti Unapochoma Video kwenye DVD

Utangulizi

Mtahiniwa, soma kwanza hali ifuatayo. Mada nzima itajengwa juu yake.

Uko kidato cha nne katika kata ya Maneromango, wilayani Kisarawe. Ulipokwenda Kisarawe mjini ulipakua video ya dakika 90 inayoonyesha majaribio ya kemia. Mwalimu aliyeitengeneza ameruhusu wanafunzi wainakili na kugawana bure. Kijijini mtandao unasuasua, lakini shule ina runinga na deki ya DVD. Mmekubaliana kwamba Jumamosi darasa zima litatazama video hiyo, kwa kuwa mtihani wa vitendo umekaribia. Unaichoma kwenye DVD, unaijaribu Ijumaa jioni, na picha inatoka vizuri. Tatizo ni sauti. Mwalimu wa kwenye video anasema "funga bomba sasa" sekunde nne baada ya rangi kubadilika kwenye chupa.

Hilo si kosa dogo. Mwanafunzi anayefuata sauti hiyo atajifunza kupitiliza kikomo cha mwitiko, na katika chumba cha mtihani ataandika ujazo usio sahihi. Kazi yako ni kujua kosa limeingia wapi na kulirekebisha kabla ya Jumamosi.

Malengo ya mada

Baada ya kusoma mada hii uweze:
(a) kueleza jinsi sauti inavyohifadhiwa ndani ya faili la video;
(b) kutaja masharti ya sauti katika DVD ya video;
(c) kutambua chanzo cha tatizo kutokana na dalili zake;
(d) kukokotoa tofauti ya muda kati ya sauti na picha;
(e) kupanga hatua za kuchoma DVD bila kuharibu diski.

7.1 Sauti ndani ya faili

Faili la video ni kama kikapu. Ndani yake mna vitu viwili vilivyo mbalimbali: mkondo wa picha na mkondo wa sauti. Kila mkondo umebanwa kwa mfumo wake ili usichukue nafasi kubwa. Video nyingi za mtandaoni zina kikapu cha MP4, na sauti yake imebanwa kwa mfumo wa AAC.

Sauti ya kidijiti ni mfululizo wa vipimo vinavyoitwa sampuli. Sikio la binadamu husikia hadi kama Hz 20,000. Ili wimbi liweze kujengwa upya bila upotovu, idadi ya sampuli kwa sekunde lazima izidi mara mbili ya marudio ya juu kabisa, yaani izidi 40,000. Ndiyo maana CD ya muziki hutumia sampuli 44,100 kwa sekunde. DVD ya video hutumia 48,000. Zishike namba hizi mbili, kwa kuwa matatizo mengi huanzia kwenye tofauti yao.

7.2 Masharti ya DVD ya video

Deki ya kawaida si kompyuta. Hucheza kile tu kilichowekwa kwa kiwango chake:

(i) Picha ziwe zimebanwa kwa mfumo wa MPEG-2. Kwa runinga za PAL, mfumo uliozoeleka Tanzania, ukubwa wa picha ni 720 kwa 576, na kasi ni picha 25 kwa sekunde. Mfumo wa NTSC, uliotumika Marekani, ni 720 kwa 480 na picha 29.97 kwa sekunde.
(ii) Sauti iwe ya mfumo wa AC-3, PCM au MP2, yenye sampuli 48,000 kwa sekunde. AAC haimo katika orodha hii.
(iii) Mafaili yawe ndani ya folda iitwayo VIDEO_TS.
(iv) Yote yaingie katika diski ya tabaka moja, yenye nafasi ya GB 4.7.

Tofautisha DVD ya video na DVD ya data. Ukiburuta faili la MP4 na kulichoma lilivyo, umetengeneza DVD ya data. Baadhi ya deki zitaikataa kabisa. Nyingine zitaonyesha picha bila sauti, kwa sababu zinaweza kusoma mkondo wa picha lakini si wa AAC.

7.3 Dalili na vyanzo vyake

Kama mganga asivyotoa dawa kabla ya kuuliza maumivu yako wapi, nawe usiguse programu yoyote kabla ya kutambua dalili.

Dalili ya 1: Hakuna sauti kabisa, au inatoka upande mmoja. Anza na waya. Waya wa njano hupeleka picha. Mweupe na mwekundu hupeleka sauti ya kushoto na ya kulia. Mmoja ukilegea, utapoteza upande mmoja. Kama DVD nyingine inatoa sauti vizuri katika deki hiyohiyo, waya ni mzima, na kosa limo katika diski yako: huenda mfumo wa sauti haukubadilishwa.

Dalili ya 2: Muziki unasikika lakini maneno ni hafifu. Sauti ya asili ilikuwa ya njia sita, na maneno yalikuwa katika njia ya katikati. Programu ilipotengeneza njia mbili haikuichanganya ile ya katikati ipasavyo. Tiba ni kubadili upya na kuchagua uchanganyaji wa njia mbili.

Dalili ya 3: Sauti imechelewa au imetangulia kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho. Huu ni mkengeuko usiobadilika. Mikondo miwili haikuanza pamoja. Tiba ni kuisogeza sauti yote kwa kiasi hicho.

Dalili ya 4: Mwanzoni sauti na picha zinakwenda pamoja, kisha pengo linaongezeka kadiri muda unavyokwenda. Huu ni mkengeuko unaokua. Mikondo ina kasi tofauti. Chanzo ni sampuli kusomwa kwa kasi isiyo yake, kasi ya picha kubadilishwa bila sauti kufuatishwa, au video ya simu ambayo idadi ya picha zake kwa sekunde hupandashuka. Kuisogeza sauti hakuponyi tatizo hili. Utapatanisha mwanzo na kuharibu mwisho.

Dalili ya 5: Sauti ni ndogo mno, au inakwaruza. Sauti ndogo hupandishwa kwa desibeli. Ukipandisha kwa dB 6, kimo cha wimbi kinakaribia kuwa mara mbili. Ukipita kikomo, ncha za wimbi hukatwa, na ndipo mkwaruzo unapotokea. Pandisha mpaka kilele kifike kama dB 1 chini ya kikomo, usizidi.

7.4 Mifano ya ukokotoaji

Mfano wa 1. Sauti ya dakika 90 yenye sampuli 44,100 kwa sekunde imechezwa kimakosa kwa kasi ya 48,000. Itaisha baada ya muda gani?

Jibu: Muda mpya = 90 × 44,100 ÷ 48,000 = dakika 82.69, yaani kama dakika 82 na sekunde 41. Sauti itaisha zaidi ya dakika 7 kabla ya picha. Pia marudio yatapanda: noti ya Hz 440 itakuwa 440 × 48,000 ÷ 44,100 = Hz 479. Kwa hiyo ukisikia mwalimu anaongea haraka na kwa sauti nyembamba kuliko kawaida, umeshapata chanzo.

Mfano wa 2. Filamu ya dakika 60 ilipigwa kwa picha 24 kwa sekunde. Imechezwa kwa picha 25 kwa sekunde bila kugusa sauti. Tafuta pengo mwishoni.

Jibu: Idadi ya picha = 24 × 3,600 = 86,400. Muda mpya wa picha = 86,400 ÷ 25 = sekunde 3,456. Pengo = 3,600 − 3,456 = sekunde 144, yaani dakika 2 na sekunde 24. Picha inaisha kwanza, sauti imechelewa.

Mfano wa 3. Utajaza DVD kwa kipindi cha dakika 90. Linganisha nafasi inayochukuliwa na sauti ya PCM (sampuli 48,000, biti 16, njia 2) na ya AC-3 yenye kilobiti 192 kwa sekunde.

Jibu: PCM = 48,000 × 16 × 2 = biti 1,536,000 kwa sekunde. Kwa sekunde 5,400 ni baiti 1,036,800,000, karibu GB 1.04. AC-3 = 192,000 × 5,400 ÷ 8 = baiti 129,600,000, karibu GB 0.13. PCM inakula zaidi ya moja ya tano ya diski. Kwa maneno ya mwalimu AC-3 inatosha, na nafasi inayobaki huipa picha ubora.

7.5 Hatua za kazi

Hatua ya 1: Chunguza faili la asili. Lifungue kwa VLC, kisha bonyeza Ctrl na J kwa pamoja. Andika mfumo wa sauti, idadi ya sampuli, njia za sauti na picha kwa sekunde. Hakikisha pia kwamba faili lenyewe halina kosa. Kama sauti imeachana na picha tangu kwenye kompyuta, usiilaumu DVD.

Hatua ya 2: Pima pengo katika sehemu tatu: mwanzo, katikati na mwisho. Tumia tukio lenye sauti na picha ya ghafla, kama kopo linapogonga meza. Katika VLC, herufi J huivuta sauti mbele na K huichelewesha, na skrini huonyesha milisekunde. Namba tatu zikilingana, ni Dalili ya 3. Zikiongezeka, ni Dalili ya 4.

Hatua ya 3: Rekebisha. Kwa pengo lisilobadilika, isogeze sauti katika programu kama Avidemux kwa milisekunde ulizopima. Kwa pengo linalokua, badili kwanza video iwe na picha 25 kwa sekunde zisizobadilika na sauti iwe na sampuli 48,000, kisha pima tena. Pengo likibaki, toa sauti, irefushe au ifupishe kwa Audacity mpaka ilingane na muda wa picha, kisha iunganishe upya.

Hatua ya 4: Tengeneza folda ya VIDEO_TS bila kuchoma. DVDStyler, ambayo ni ya bure, hukuruhusu kuchagua PAL na AC-3, kisha kuishia kwenye folda.

Hatua ya 5: Icheze folda hiyo kwa VLC. Ruka hadi mwisho na usikilize. Kosa likibaki, hujapoteza diski.

Hatua ya 6: Choma kwanza kwenye DVD-RW, kwa kuwa hufutika. Usichague kasi ya juu kabisa. Diski iliyochomwa vibaya hukatakata sauti kwenye deki kuukuu.

Hatua ya 7: Ijaribu kwenye deki itakayotumika, si kwenye kompyuta tu.

Sasa rudi kwenye hali yetu. Ukipima na kukuta pengo ni sekunde 4 mwanzoni, katikati na mwisho, isogeze sauti mbele milisekunde 4,000. Ukikuta mwanzoni ni 0, katikati sekunde 4 na mwisho sekunde 8, basi sauti ni ndefu kuliko picha kwa sekunde 8. Ifupishe kutoka sekunde 5,408 hadi 5,400.

7.6 Hakimiliki

Kujua kuchoma si ruhusa ya kuchoma kila kitu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za wasanii na watunzi Tanzania. Kupakua filamu ya mtu na kuuza nakala bila idhini yake ni kosa. Video iliyoruhusiwa na mwenyewe, au uliyoirekodi wewe, haina tatizo.

7.7 Makosa ya watahiniwa

1. Kuandika "DVD ni mbovu" bila kutaja dalili. Chanzo bila dalili ni kubahatisha.
2. Kuchanganya 44,100 (CD) na 48,000 (DVD).
3. Kusahau kugawanya kwa 8 unapotoka kwenye biti kwenda baiti.
4. Kupendekeza kuisogeza sauti wakati pengo linakua.
5. Kuruka hatua ya kujaribu kabla ya kuchoma.

7.8 Maswali ya kujipima

1. Taja mifumo mitatu ya sauti inayokubalika katika DVD ya video.
2. Video ya dakika 40 ina pengo la sekunde 2 katika dakika ya 10, na sekunde 8 katika dakika ya 40. (a) Ni mkengeuko wa aina gani? (b) Pengo litakuwa sekunde ngapi katika dakika ya 25?
3. Kokotoa nafasi ya sauti ya AC-3 yenye kilobiti 256 kwa sekunde kwa video ya dakika 50.
4. Jirani analalamika kuwa DVD ya ngoma ya mdundiko uliyomchomea inatoa sauti upande mmoja tu. Eleza jambo la kwanza utakaloangalia, na sababu.

Majibu

1. AC-3, PCM, MP2.
2. (a) Unaokua. (b) Kila dakika pengo huongezeka sekunde 0.2, kwa hiyo 25 × 0.2 = sekunde 5.
3. 256,000 × 3,000 ÷ 8 = baiti 96,000,000, yaani MB 96.
4. Waya mweupe na mwekundu. Ni jambo la dakika moja lisilo na gharama, nalo huonyesha kama kosa limo kwenye vifaa au kwenye diski.

Ukikosa swali la 2, rudia sehemu ya 7.3 kabla ya kuendelea na mada ya 8.