Nguo nyepesi ni kinga msimu wa joto

MWANAMKE mmoja anayefanya kazi ya mapokezi hotelini mjini Mombasa alikuja kuniona mwezi wa Machi akiwa na mwasho uliomnyima usingizi kwa wiki 6. Ulianzia chini ya matiti na kwenye kinena, mahali ambapo si rahisi kupataja hata mbele ya daktari. Kwa haya, alikwenda duka la dawa akauziwa krimu ya steroidi. Mwasho ulitulia kwa siku chache, kisha ukarudi na kuenea hadi mapajani. Ili kuficha alama, akaanza kuvaa soksi ndefu za nailoni ndani ya sketi.

"Daktari, nimepaka kila kitu," aliniambia. "Labda damu yangu ni chafu."

Damu yake haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa katika sare yake: koti la polista lenye bitana, sketi ya kubana, na safari ndefu ndani ya matatu iliyojaa. Alikuwa na ukungu wa ngozi, maradhi yanayostawi penye joto na unyevu. Krimu ya steroidi ikitumiwa peke yake huficha wekundu na mwasho huku ukungu ukiendelea kuenea.

Kuanzia Desemba hadi Machi, pepo za kaskazi zinapovuma, wagonjwa kama huyu huwa wengi. Aghalabu tiba yao ni nusu dawa, nusu mavazi.

Mwili hujipoza vipi?

Mwili hufanya kazi vyema joto lake likiwa karibu nyuzi 37. Likipanda, mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi hupanuka na tezi za jasho huanza kazi. Lakini kinachotupoza ni kukauka kwa jasho, wala si kule kutoka kwake. Jasho likigeuka mvuke huondoka na joto la ngozi. Likichuruzika hadi sakafuni, tumepoteza maji na chumvi bila faida kubwa.

Hii ndiyo sababu nyuzi 32 za Pwani huchosha kuliko nyuzi 32 penye hewa kavu. Hewa iliyojaa unyevu hukausha jasho polepole. Ukiongeza nguo ya kubana, jasho hukwama, vitundu vyake huziba, na vipele vya harara hutokea shingoni, mgongoni na kwapani.

Chagua kitambaa

Pamba na kitani hufyonza jasho na kupitisha hewa. Polista na nailoni za kawaida hazifyonzi. Siku hizi kuna vitenge na hata madera ya polista yanayofanana kabisa na ya pamba, basi usidanganywe na rangi. Chomoa uzi mmoja kutoka kwenye pindo, uushike kwa kibanio na kuuchoma juu ya sinki. Uzi wa pamba huwaka na kunuka kama karatasi, ukaacha jivu laini. Wa polista huyeyuka na kuacha kitone kigumu.

Hata hivyo, pamba ikilowa hukawia kukauka. Anayetembea kwenda kazini abebe shati la pili, abadilishe akifika. Chupi na soksi zibadilishwe kila siku, na zaidi ya mara moja zikilowa jasho.

Mavazi ya mitumba hayana ubaya yakifuliwa na kupigwa pasi kabla ya kuvaliwa. Pasi ya moto huua pia mayai ya inzi anayetaga kwenye nguo zilizoanikwa kivulini au chini, ambaye funza wake huingia ngozini na kusababisha uvimbe kama jipu.

Rangi au upana?

Wengi huuliza kama buibui jeusi huongeza joto. Mwaka wa 1980, watafiti walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kupima joto la Mabedui wanaovaa majoho meusi jangwani. Waligundua kwamba joho jeusi hunasa joto zaidi juu ya kitambaa, lakini joto hilo hupotea kabla ya kufika mwilini, hivyo aliyevaa jeusi na aliyevaa jeupe hupata joto sawa. Siri ni upana unaoruhusu hewa kupita. Pwani hakuna hewa kavu ya jangwani, lakini funzo la upana linatufaa: kanzu, dera na kikoi vina akili ndani yake.

Kazini

Mwaka wa 2005, wizara ya mazingira ya Japani ilianzisha kampeni ya Cool Biz, ikiwahimiza wafanyakazi kuacha tai na koti wakati wa joto ili viyoyozi viwekwe nyuzi 28. Kwetu jambo hili bado lina ubishi. Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni. Itifaki ni ya wenyewe. Kwa upande wa afya, vazi la mikono mifupi lisilo na tai linaifaa hali ya hewa yetu.

Jijini Nairobi asubuhi huwa na baridi na adhuhuri jua kali. Vaa shati jepesi, sweta juu, uivue saa nne. Usidanganywe na upepo: mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari hupata miale mikali ya jua. Wenye ualbino wavae mikono mirefu ya kitambaa kilichoshonana na kofia pana, hata kukiwa na mawingu.

Suruali inayobana kiunoni inaweza kubana mshipa wa fahamu na kuleta ganzi pajani. Ukihisi hivyo, legeza mshipi kwanza.

Arusini

Gauni la lesi liwekewe bitana ya pamba. Mwambie fundi mapema. Manukato yenye mafuta ya ndimu yapulizwe kwenye nguo, kwani ngozi iliyopakwa ikipigwa na jua huweza kubaki na mabaka meusi. Kunywa maji kabla ya kiu. Pombe huongeza mkojo na kukausha mwili.

Mtu akizungukwa na kichwa, akitoka jasho jingi na kuhisi kichefuchefu, mpeleke kivulini na umpe maji. Akianza kuropokwa au kuzirai na mwili wake unachoma, hiyo ni hatari ya kufa. Mvue nguo nzito, mmwagie maji, mpepee, na atafutiwe hospitali papo hapo. Asiyejitambua asinyweshwe chochote.

Yule dada nilimpa dawa ya ukungu ya kupaka na barua kwa meneja wake. Aliruhusiwa kuvaa blauzi ya pamba yenye rangi ya sare, bila koti wala soksi ndefu. Baada ya wiki 4 ngozi yake ilikuwa imetulia. Nawe ukiwa na mwasho mahali pa siri, usiuonee haya hadi ukuenee. Mwone daktari, na uende ukiwa umevaa nguo unazovaa kazini.