Tuyo ya chuma ao ya shaba? Namna ya kuitambua mbele ya kulipa

Ndugu wakulima, kiangazi hiki koperative moja karibu na Kamina ililetewa tuyo za kununua kwa ajili ya pompe ya kisima. Muuzaji aliapa kwamba ni inox, hazishike kutu. Kweli, zilikuwa zinang'aa. Tukaweka sumaku, ikanasa palepale. Tukapitisha lima kwenye ncha moja: kumbe ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya feza. Makuta yakabaki kwenye sanduku.

Sumaku ndiyo kipimo cha kwanza. Ile iliyo nyuma ya bafle ya redio mbovu inatosha. Inashika chuma, haishike shaba, aluminiumu wala risasi. Lakini muangalie: inox nyingi nazo hazishikwe na sumaku, ijapokuwa ndani mna chuma. Na tuyo ya galva ni chuma kilichovikwa zinki, kwa hiyo sumaku itanasa.

Kipimo cha pili ni kukwaruza. Shaba inatoa wekundu, aluminiumu inatoa weupe na iko nyepesi sana. Tuyo ya kijivu, nzito, inayokatwa kwa kisu na kung'aa pale ulipokata, ni risasi. Hiyo musiipitishie maji ya kunywa hata kidogo, kwa sababu ni sumu inayoharibu akili ya watoto.

Wale wanaotibu nyanya kwa sulfate ya shaba, ile unga ya bluu, wako na kipimo kingine nyumbani. Safisheni chuma kwa lima mpaka kionekane chenyewe, kisha mutonyeshe tone moja la ule unga uliokorogwa katika maji. Chuma kitapata wekundu wa shaba. (Ndiyo maana dawa hiyo tunaikoroga katika ndoo ya plastiki, hapana ya chuma.)

Kwa kisima, galva si mbaya kila mahali. Maji yakiwa na asidi, pH chini ya 6.5, inaoza upesi: maji ya asubuhi yanatoka mekundu na nguo nyeupe zinaharibika. Mupimishe maji kwanza. Halafu musiunge shaba moja kwa moja na galva, kwa sababu katika maji galva ndiyo italiwa, kuanzia pale pa kuungia. Muweke kiungo cha plastiki katikati.