Bunge la Kaunti na Bastola Yako

Swali: Nina leseni ya bastola hapa Embu. Je, bunge la kaunti laweza kuipunguza haki yangu?

Jibu: Haliwezi, ingawa neno “haki” lenyewe linakupotosha. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeiachia serikali ya kitaifa polisi na usalama, kwa hivyo si Embu wala Meru inayoweza kukaza au kulegeza sheria ya bunduki. Sheria hiyo nayo hukupa ruhusa tu, ukionyesha sababu ya kutosha. Mizizi yake ni michungu: wakati wa Hali ya Hatari ya wakoloni, katika maeneo haya haya, kukutwa na bunduki kuliweza kukufikisha kitanzini, na kiongozi wa Mau Mau, Dedan Kimathi, alinyongwa 1957 kwa kosa la kukutwa na bastola. Leo kinachomomonyoa umiliki ni agizo la ofisini, kama ule uhakiki mpya wa wamiliki ulioamriwa Desemba 2018. Mfugaji wa Tigania, Meru, atauliza: na mwizi wa mifugo anayevuka mpaka wa Isiolo, huyo anahakikiwa na nani? Swali zito, lakini linadai doria na polisi wa akiba waliofunzwa, si bastola katika kila boma. Wewe ukipokonywa leseni, shika Kifungu cha 47 cha Katiba, udai sababu kwa maandishi.