ELIMU KWA UMMA: MAGANDA YA KOME UFUKONI YANA MAANA GANI?

Wakazi wa kata za mwambao wa Ziwa Victoria hukuta marundo ya maganda ya kome ufukoni, na baadhi yao huingiwa na hofu kwamba maji yametiwa sumu. Mara nyingi marundo hayo ni mabaki ya mlo wa wanyamapori, na kila mlaji ana namna yake ya kula.

Ipo aina ya korongo mweusi ambaye mdomo wake huacha mwanya katikati hata anapoufumba. Ndege huyu hupenyeza ncha ya mdomo, hukata msuli unaolifunga ganda, kisha huvuta nyama. Fisi maji huvunja ganda kwa magego yake mapana. Nguchiro wa majini hulipigiza kwenye jiwe. Kenge mkubwa huliponda kwa meno ambayo huwa butu kadiri anavyokua, na kamongo huliponda chini ya maji.

Kome hujilisha kwa kuchuja maji, na hivyo husaidia kuyasafisha. Mabuu wake hujishikiza kwanza kwenye miili ya samaki. Samaki wakipungua, kome hupungua, na walaji wake hukosa riziki.

Ieleweke pia kwamba kome si konokono. Vimelea vya kichocho hukulia ndani ya konokono wa maji baridi, wala si ndani ya kome. Kinga ya kichocho ni kutumia choo, kuepuka kuoga ziwani, na kupima afya katika zahanati.

Kwa hiyo, maganda matupu yasiyo na nyama hayapaswi kuleta taharuki. Lakini wananchi wakikuta kome wengi wameachama na nyama inaoza ndani, huku samaki waliokufa wakielea, wasichote maji hayo wala kuokota samaki hao. Watoe taarifa mara moja kwa mtendaji wa kijiji au ofisa uvuvi. Uvuvi wa sumu ni kosa kisheria na unahatarisha maisha ya walaji.

Aidha, wavuvi wanaoharibiwa nyavu na fisi maji wanashauriwa kuwasiliana na ofisa wanyamapori badala ya kumuua mnyama huyo. Ziwa ni ghala la wote. Anayelitia sumu hujinyima chakula mwenyewe.