Elimu ya Ujenzi: Maungio ya Zege na Kunepa kwa Slabu

Kadiri majengo ya ghorofa yanavyoongezeka katika kata, ndivyo wakazi wengi wanavyolala, kufanya biashara na kusomesha watoto chini ya slabu za zege. Slabu iliyojengwa kwa haraka hujitangaza yenyewe: mlango wa chumba hukwama, vigae hupasuka, na maji ya kudekia hujikusanya katikati ya sakafu. Dalili hizo huweza kuonyesha kwamba slabu imenepa, na chanzo chake huweza kuwa siku ileile zege lilipomwagwa.

Zege hustahimili sana kugandamizwa, lakini uwezo wake wa kuvutwa ni takriban sehemu moja ya kumi tu ya uwezo huo. Slabu inapobeba mzigo, upande wake wa chini katikati ya nguzo huvutwa. Ndiyo maana hutiwa nondo. Pale ambapo nguzo ziko mbalimbali, wahandisi hutumia pia nyaya za chuma kigumu. Nyaya hupitishwa ndani ya mirija kabla ya kumwaga zege, na zege likishapata nguvu iliyopangwa, huvutwa kwa jeki na kufungwa kwenye kingo za slabu. Hupita juu karibu na nguzo na kushuka chini katikati. Zikikazwa hutaka kunyooka, hivyo huiinua slabu dhidi ya mzigo wake. Mhandisi Mfaransa Eugène Freyssinet alipata hataza ya kukaza zege kwa chuma mwaka 1928.

Mahali pa kusimamisha kazi

Slabu pana haimwagwi yote kwa siku moja. Mahali ambapo zege la jana hukutana na zege la leo huitwa ungio la ujenzi. Mahali hapo hupangwa na mhandisi kwenye mchoro, wala hapaachwi paamuliwe jioni saruji inapokwisha. Katika slabu ya nondo pekee, ungio huwekwa ndani ya theluthi ya katikati ya umbali kati ya nguzo, ambapo nguvu ya kukata ni ndogo. Katika slabu ya nyaya, aghalabu huwekwa karibu na robo ya umbali huo, ambapo nguvu ya kuinamisha ni ndogo. Ukingo husimamishwa wima kwa ubao, na nondo huachwa zipite bila kukatwa. Kabla ya kumwaga zege jipya, uso wa zege la awali hukwaruzwa, husafishwa na kuloweshwa.

Hapo ndipo ungio na kunepa hukutana. Sehemu iliyomwagwa kwanza huchomoza kupita nguzo kama tawi lisilo na tegemeo upande wa pili. Mirunda ikiondolewa mapema ili ikatumike kwingine, ncha hiyo hushuka. Zege la siku ya pili hufuata usawa ulioshuka, na kasoro hubaki daima. Kwa hiyo mirunda hubaki pande zote mbili za ungio hadi sehemu zote mbili zipate nguvu na, kwa slabu ya nyaya, hadi nyaya zikazwe.

Kunepa kwa muda mrefu

Zege huendelea kunepa polepole kwa miaka mingi chini ya mzigo usiobadilika. Daraja la Koror–Babeldaob nchini Palau, lililokamilika mwaka 1977, lilijengwa kwa zege la nyaya zilizokazwa, likiwa na urefu wa mita 241 kati ya nguzo zake kuu. Kufikia mwaka 1990 katikati yake palikuwa pameshuka kwa zaidi ya mita 1. Lilikarabatiwa, kisha likaanguka tarehe 26 Septemba 1996 na kuua watu 2.

Kanuni zinazotumiwa sana hutaka kunepa kusizidi sehemu moja ya 250 ya urefu kati ya nguzo. Kwa mita 5, hiyo ni milimita 20. Mkazi anaweza kupima mwenyewe. Vipande viwili vya mbao vyenye unene wa milimita 50 hushikizwa chini ya slabu, kimoja kila mwisho, na uzi hukazwa juu ya ncha zake za chini. Nafasi kati ya uzi na slabu hupimwa katikati: ikiwa ni milimita 30, slabu imeshuka milimita 20. Kipimo kiandikwe pamoja na tarehe, kisha kirudiwe baada ya miezi michache. Kikiongezeka, au nyufa zikipanuka, mhandisi aitwe bila kuchelewa.

Slabu yenye nyaya isitobolewe wala kukatwa kabla mhandisi hajakagua mchoro wake, kwa kuwa waya uliokazwa ukikatwa hufyatuka kwa nguvu kubwa na slabu hupoteza tegemeo.

Mkazi anayekusudia kujenga ghorofa anashauriwa kupata kibali cha ujenzi kwanza, kuhifadhi michoro, na kumtaka mhandisi awepo siku ya kumwaga zege na siku ya kuondoa mirunda. Mwenye shaka kuhusu jengo lolote atoe taarifa kwa Mtendaji wa Kata au ofisi ya mhandisi wa halmashauri.